Serikali yote ipo Dodoma, muhuri ndio haupo

(Haya niliyasema Jumamosi kwenye mkusanyiko wa watu wa mtaani kwetu. Walioomba wayapate kwa maandishi nimewaandikia yalivyotoka mdomoni, anayetafuta sarufi humu atachelewa chakula.)

Mbukwenyi!

Mnajibu mnajivuta hivyo halafu mnajiita wenyeji. Tena, mbukwenyi! Haya hapo sawa, angalau wageni wamesikia salamu ya Kigogo inavyoitikiwa.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mama zangu, vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekodiwa pungufu, itifaki imezingatiwa. Nasema imezingatiwa na nakimbia hapo hapo, maana Dodoma ya sasa hivi ukianza kutaja watu mmoja mmoja utazeeka umesimama. Zamani harusi ya hapa kwetu mgeni mkubwa alikuwa mwalimu mkuu na yule bwana wa mashine ya kusaga, basi, MC anawataja wawili hao tunaendelea na pilau. Siku hizi unaalika ukoo wako tu, unakuta meza ya tatu kuna mkurugenzi msaidizi, meza ya tano kuna kamishna wa kitu ambacho hata yeye akikuelezea huelewi, na yule baba aliyekaa karibu na spika anatafuna kuku kimya kimya ni naibu katibu mkuu, kapanga nyumba kwa shangazi wa bibi harusi. MC maskini itifaki inamla robo saa nzima na akimruka mmoja kesho anatafutwa. Mimi nimeenda msiba mmoja Nkuhungu, marehemu mwenyewe alisubiri itifaki iishe.

Sasa mmeniambia niongelee habari za nyumbani, siasa za hapa kwetu, na mmenionya nisichafue hali ya hewa. Nimewaelewa. Sitaji mtu, sitaji mtaa, sitaji ofisi. Anayejiona kwenye maneno yangu ajue ni yeye mwenyewe kajileta.

Tuanzie mbali kidogo kwa ajili ya hawa vijana. Sisi tumezaliwa tunaambiwa makao makuu yanakuja. Baba zetu waliambiwa hivyo hivyo. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yatoke Dar yaje Dodoma, na mpango ulikuwa miaka kumi. Kumi! 1983 ikafika, ikatupita, wazee wakaendelea kufagia uwanja wakisubiri mgeni. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilikuwepo, ikachora mji mzuri sana kwenye karatasi, ila walipofika kwenye kuyapa maeneo majina nadhani ilishakuwa Ijumaa jioni, wakaandika Area A, Area C, Area D wakaenda zao nyumbani. Na kiwanja ulikuwa unapewa hati ya miaka 33, yaani mtu anapandisha ukuta huku anahesabu umri wa mtoto wake wa mwisho. Tukasubiri, Bunge likawa linakuja linaondoka, waheshimiwa wanashuka na mabegi wanapanda na zabibu, sisi tunawapungia.

Halafu Julai 2016 hayati Magufuli akasimama kwenye mkutano mkuu wa CCM hapa hapa akasema anahamia. Watu wa Dar wakacheka. Sisi wenyewe tulicheka, mtu umeahidiwa tangu hujazaliwa utaaminije? Mwezi wa tisa Waziri Mkuu akahamia kweli. Mwaka uliofuata CDA ikavunjwa. Tarehe 26 Aprili 2018 tukatangaziwa kwamba sisi ni jiji. Mnaikumbuka siku ile? Tulilala manispaa tukaamka jiji, mashimo yale yale, ila sasa yalikuwa mashimo ya jiji.

Na watu wakaja jamani. Sensa ya 2012 mji huu ulikuwa na watu 410,956, sensa ya 2022 tukawa 765,179. Laki tatu na nusu na ushee ndani ya miaka kumi, na wote hao walikuja wanauliza swali moja, hivi huku vumbi huwa linaisha saa ngapi? Wenye nyumba mlichofanya Mungu anakijua. Chumba na sebule cha uani, kile ambacho jogoo alikuwa analala, kikapakwa rangi kikawekwa geti la chuma kikaitwa apatimenti, kodi ya mwaka mzima mkononi, na ukiuliza maji unaambiwa yapo, ila yapo Jumanne.

Tena nyie wenye nyumba ndio mmekuwa wachambuzi wa siasa namba moja nchi hii. Kwingine Tanzania mkeka, ile orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa, ukitoka usiku watu wanasoma kujua nani kateuliwa. Dodoma baba mwenye nyumba anasoma kujua kodi yake imekaaje. Kuna mzee mmoja hapa, yupo ananiangalia, ana wapangaji wanne na wote wako serikalini, kila ikifika saa tatu usiku anavaa miwani anashika simu, mama akimwita kula anasema subiri nione kama wapangaji wangu wote wamevuka leo. Siku moja mkeka ukatoka kweli, mpangaji wake wa nyumba ya mbele katenguliwa. Mzee yule akalia machozi, tukajua ana utu, mpaka tulipogundua yule bwana alikuwa amebakiza miezi miwili kulipa. Kesho yake asubuhi anaulizia kwa watu, hivi aliyeteuliwa nafasi ile kashapata nyumba?

Msimu wa Bunge la bajeti ndio usiseme. Aprili mpaka Juni mji huu hauna bei, una makadirio na matumizi. Gesti ya elfu thelathini inafika elfu sitini na imeongezewa tu kalenda ukutani. Mbuzi wa mnada wa Msalato wanajua, ukifika Jumamosi ya msimu wa Bunge mbuzi anakuangalia kwa dharau. Na bodaboda wote wanageuka kuwa maafisa habari, unapanda pikipiki Sabasaba unaenda Ilazo, ukishuka unajua waziri gani hasalimiani na nani, kifungu gani kitapita na kipi kitarudishwa kwenye kamati, na ukimuuliza umeyajuaje anakwambia bro mimi nina chanzo cha ndani. Chanzo chenyewe ni dada wa jikoni kwenye gesti moja ambaye na yeye kasikia mlangoni wakati anapeleka chai.

Sawa. Nimewachekesha vya kutosha, sasa nifike nilipotaka kufika.

Sisi tumebarikiwa. Ikulu ipo Chamwino hapo. Bunge lipo mjini. Wizara zimejipanga Mtumba, barabara ya lami, taa, bustani zinamwagiwa maji. Treni ya mwendokasi tangu 2024 inatoka Dar inafika hapa kabla usingizi haujakolea, na hii imetuletea matatizo maana zamani mgeni wa Dar ulikuwa na siku nzima ya kujiandaa, sasa hivi anakwambia nimepanda, ukimaliza kuosha vyombo yupo getini. Kwa hiyo nchi nzima inatuonea wivu, wanasema nyie serikali mnaishi nayo. Ndugu zangu, mnaishi nayo? Nyie mna shida, shida yenu inaishia wapi?

Inaishia kwa mwenyekiti wa mtaa. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnajua.

Jiji hili lina kata 41 na mitaa 222. Maana yake kuna mihuri 222, na naomba niseme mbele za watu kwamba mihuri hiyo ndiyo inayoendesha nchi. Unataka kufungua akaunti benki, barua ya mtaa. Kijana wako kashikwa, dhamana, barua ya mtaa. Kitambulisho, barua. Mkopo, barua. Kuuza kiwanja, hapo ndio usiongee, hapo barua inakuja na ile asilimia kumi ambayo haimo kwenye sheria yoyote ila kila dalali anaijua kwa kichwa. Wakati ile asilimia kumi ya kisheria, ile ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hiyo ina fomu kurasa kibao, na ukifika mwisho wa fomu kuna kiboksi kidogo kimeandikwa muhuri.

Mkuu wa mkoa anateuliwa, mkuu wa wilaya anateuliwa, mkurugenzi wa jiji anateuliwa. Wote hao kuwafikia una kazi, kuna geti, kuna daftari la wageni, kuna dada anauliza una ahadi naye? Mbunge umemchagua lakini simu yake inapokelewa na msaidizi, diwani yupo ila yupo kwenye kikao cha kamati. Mwenyekiti wa mtaa ndiye kiongozi pekee Tanzania hii ambaye unaweza kumgongea saa tatu usiku akatoka na bukta, mswaki mdomoni, akasikiliza ugomvi wako na jirani kuhusu kuku. Na mshahara hana. Ana posho, ukimuuliza ni shilingi ngapi anaangalia pembeni anabadilisha mada. Mtendaji wa mtaa ndiye mwajiriwa, lakini mtendaji mkimuhitaji yupo kata.

Sasa nisikilizeni. Kuna bwana mmoja mkubwa, simtaji, alihamia mtaani kwetu kutoka Dar, gari lile refu, dereva, kijana wa kubeba begi. Mtu ambaye akisaini karatasi Mtumba, pesa inahama mkoa. Siku hiyo alikuwa anataka barua ya utambulisho, mambo yake ya kiwanja. Akamtuma dereva, dereva akarudishwa, unatakiwa uje mwenyewe na picha mbili. Akatuma kijana wa begi, akarudishwa. Akaja mwenyewe.

Ofisi yetu mnaijua, chumba kimoja, nusu ni serikali nusu ni stoo ya viti na turubai za msiba. Mwenyekiti hayupo. Yule bwana akakaa kwenye benchi katikati ya mama mwenye kesi ya mbuzi na kijana aliyekuja kuulizia mchango wa ulinzi shirikishi kwa nini anadaiwa na yeye analala lindoni. Wakakaa. Mjumbe mmoja mzee akatoka ndani akamuuliza, wewe ni mkazi wa hapa? Akasema ndiyo. Balozi wako nani? Kimya. Nyumba kumi zako ni zipi? Kimya. Mtu anayejua mabalozi wetu wote mpaka wa Ulaya, balozi wa nyumba kumi hamjui! Na kisheria yule balozi ni wa chama, serikali inaanzia kwa mwenyekiti, lakini nenda kamwambie yule mzee hivyo halafu uone kama utaipata hiyo barua. Ikabidi yule bwana mkubwa atembee kwa miguu, kiatu kinang'aa kinaingia vumbi, kumtafuta balozi wake ambaye alikuja kugundua ni yule mzee anayemuuziaga mkaa.

Akarudi na balozi wake. Sasa kila kitu kipo, barua imeandikwa, picha zimebandikwa. Muhuri uko wapi? Muhuri uko kwenye mkoba wa mwenyekiti. Mwenyekiti yuko wapi? Yuko msibani Kondoa. Atarudi lini? Baada ya arobaini, ila anaweza akawahi.

Yule bwana alisimama pale akatoa simu, mnaona kabisa anatafuta jina la mtu wa kumpigia, anapandisha anashusha, anapandisha anashusha, akaona katika namba zote za wakubwa wa nchi hii hamna hata mmoja mwenye mamlaka na muhuri ule. Akarudisha simu mfukoni akakaa. Mama wa mbuzi akamsogezea karanga. Tangu siku hiyo bwana yule mtaani anasalimia watu wote, na michango ya misiba anatoa wa kwanza.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ule wa Novemba 2024 kwa hiyo wengine mlikuwa mnauona mdogo, mimi nilikuwa naujua ndio wenyewe. Kwanza kujiandikisha. Ilikuwa tarehe 11 mpaka 20 Oktoba, daftari lake peke yake, siyo lile la kura ya rais na wabunge, na hapo ndipo tulipochanganyana. Bibi mmoja alikataa katakata kwenda kujiandikisha, kashika kadi yake ya mpiga kura anaipepea, anasema kadi hii ilinichagulia rais, leo ishindwe kunichagulia mwenyekiti? Wakamwelewesha, wakamwelewesha tena, mwishowe akaenda akajiandikisha huku analalamika kwamba cheo kikiwa kidogo masharti yanakuwa makubwa. Mimi niliishia kucheka lakini nikajiuliza, bibi kakosea wapi?

Fomu za wagombea sasa. Kuna bwana wa chama kingine mtaa wa jirani alienguliwa kwa kasoro kwenye fomu. Kasoro gani, eti kakosea kujaza mtaa anaoishi. Kaishi pale miaka thelathini, watoto wake wote wamezaliwa pale, na barabara ya pale watu wanaielekeza kwa kutaja nyumba yake. Alivyokuja kutuambia hatukujua tucheke au tufanyeje, mtu mwenyewe akasema labda kweli mimi siishi hapa, mke wangu huwa ananiambia hivyo hivyo.

Ila uchaguzi wenyewe ulikuwa kwenye kura za maoni za kile chama mnachokijua. Pale ndipo damu ilipochemka. Wagombea watatu. Wa kwanza akaahidi lami mtaa mzima, tukapiga makofi. Wa pili akaona lami ni ndogo akaahidi flaiova. Flaiova! Mtaa wenyewe magari mawili yakikutana moja linarudi kinyumenyume mpaka kwa Mangi, sisi flaiova tunavuka nini? Tukapiga makofi zaidi, maana pilau lilikuwa linanukia upande wake. Wa tatu akasimama mzee mmoja, kofia mkononi, akakohoa, akasema ndugu wajumbe mimi ahadi yangu ni moja. Nitakuwa nyumbani.

Jamani uwanja ulilipuka. Kina mama walipiga vigelegele wakasimama. Mzee akaongeza, na muhuri hautalala nje ya mtaa. Hapo kuna mtu alirusha kofia. Sijawahi kuona ilani fupi namna ile ikaeleweka namna ile.

Alishindwa kwa mbali. (Kicheko kirefu.) Msinicheke mimi, cheka na mwenzako aliye pembeni yako, si mlikuwepo? Mlimshangilia mzee mkampigia kura flaiova. Mzee hakukasirika, alisema tu kwamba Dodoma watu wanapiga makofi kwa moyo na kura kwa tumbo, akaenda zake kumwagilia mizabibu.

Sasa tuje kwenye korongo. Najua nimeambiwa nisilitaje lakini nusu yenu hapa mmelala mkiwa na hofu nalo kuanzia Desemba mpaka Aprili, nisipolitaja litanitaja lenyewe. Mvua ya Dodoma ni ndogo, mwaka mzima inanyesha kidogo tu, ila ikiamua inanyesha yote siku hiyo hiyo. Maji yanashuka kutoka juu yanakuja kwetu, korongo linakula ardhi kila mwaka. Lilianza nyuma ya nyumba ya fundi baiskeli, likala choo cha fundi, likala njia, sasa hivi linaangalia ukuta wa kanisa na mchungaji kashaanza kuhubiri habari za Nuhu kwa sauti ambayo siyo ya kawaida.

Tumeandika barua. Ofisi ya kwanza wakasema hilo ni suala la barabara. Wa barabara wakasema hapa hapana barabara, hapa pana maji. Wa maji wakasema sisi tunashughulika na maji safi, haya yenu ni ya mvua. Tukaambiwa twende kwa watu wa mazingira, wa mazingira wakatusikiliza vizuri sana, wakatupa soda, wakasema hili ni jambo la mipango miji. Mipango miji wakafungua ramani, ramani kubwa nzuri, wakatafuta korongo letu wakalikosa. Kwenye ramani pale ni eneo la wazi la kupumzikia familia. Ofisi zote hizo ni mwendo wa bajaji moja kutoka nyumbani, sisi ndio wananchi pekee nchi hii tunaoweza kuzungushwa ofisi tano tukarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Halafu siku moja asubuhi, mnaikumbuka hii, wakaja vijana na zile darubini za miguu mitatu, fito nyekundu na nyeupe, viakisi mwanga kifuani. Wanapima. Wanaandika. Hawaongei na mtu. Saa nne mtaa mzima unajua ni barabara ya mzunguko inapita. Saa sita ikawa reli. Mpaka saa nane ikawa barabara na reli vyote pamoja na mtu kashasikia fidia ni shilingi ngapi kwa mti mmoja.

Usiku ule hakulala mtu. Nilisikia nyundo mpaka alfajiri. Kulipokucha mtaa wetu ulikuwa na msitu. Watu walichomeka matawi ya miarobaini yaliyokatwa jana yake, yakasimama kijeshi kwenye mistari. Jirani yangu alijenga msingi wa nyumba ya vyumba vitano kwa matofali ya tope usiku mmoja, mtu ambaye bafu lake la magunia linamshinda mwaka wa tatu. Mwingine kapanda mizabibu mpaka juu ya jabali. Na kuna mmoja, huyu Mungu amsamehe, kwa kuwa alisikia makaburi nayo yanalipwa, akachimba kaburi akaweka msalaba akaandika jina la babu yake. Babu yupo! Babu asubuhi anatoka kupiga mswaki anaona jina lake, anauliza nyie mmeambiwa nini hospitali ambacho mimi sijaambiwa?

Siku tatu zikapita tunamsubiri mthamini. Mwenyekiti akaitisha mkutano, watu wakajaa ambao hawajawahi kuja hata siku ya kusomewa mapato na matumizi, wengine walitoka Dar na treni ya asubuhi kuja kusimama kwenye viwanja vyao. Ajenda moja, fidia. Ndipo kijana mmoja wa wale wapimaji akaletwa, kasimama mbele kashika kofia anatetemeka, akasema shikamooni wazee, sisi ni wanafunzi. Tuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Tulipewa zoezi la kupima korongo, tulishakusanya kazi, tumepata alama nzuri, asanteni kwa ushirikiano.

Hapo ndipo ilitakiwa mumwone jirani yangu wa vyumba vitano. Alimuuliza yule kijana swali moja tu, kwa hiyo hata rufaa hakuna?

Matawi yalikauka wiki ile ile. Mizabibu ya jabalini mbuzi walimaliza. Lakini lile kaburi nawaambieni, mvua ya kwanza iliponyesha maji yalishuka yakaingia mle, yakatulia, hayakufika kanisani. Mpaka leo ninavyoongea ndiyo kazi pekee ya kudhibiti maji ya mvua iliyokamilika mtaani kwetu, imefanyika bila tenda, bila posho ya kikao, na babu anasema kama linasaidia watu basi lisifukiwe, ila jina lake lifutwe.

Sasa hivi korongo limeshahamia upande wa shule, kwa hiyo kilichotuleta hapa leo ukiacha kula ni kalavati. Fundi kashapiga hesabu, tumekubaliana elfu tano kila kaya, wenye apatimenti elfu kumi, na wenye nyumba waliopandisha kodi msimu wa Bunge nimeambiwa nisiwataje kiwango ila wanakijua. Yule bwana mkubwa wa karanga kaleta mifuko ya saruji jana usiku, kasema hataki kutajwa, sijamtaja. Mwenyekiti wetu wa flaiova ameniomba niwaambie kwamba mradi huu ni utekelezaji wa ahadi zake, nami nimewaambia.

Michango inapokelewa pale mlangoni na yule mzee wa nitakuwa nyumbani, tulimchagua mtunza hazina jana na safari hii pilau halikuwepo. Kila anayelipa anaandikiwa risiti. Msimgombeze kama risiti haijagongwa, mwenyekiti kaniandikia meseji saa hizi kwamba amechelewa kutoka kwenye semina Singida, na mkoba anao.